Siku Waliyotufungulia Barabara

Naliaka mwanangu,

Salamu tuziache, maana tumeachana sasa hivi hapo mlangoni, wewe ukienda kanisani kuombewa safari na mama yako akikusukuma ati mmechelewa. Mimi nimesema goti linauma. Goti haliumi. Nilitaka nyumba ikae kimya kidogo niandike hii barua kabla jua halijatoka dirishani, kwa sababu likitoka tu, herufi zinaanza kutembea. Ukiona mwandiko ni mkubwa kama wa bango la bucha, usicheke. Unajua vile macho ya baba yako yamekuwa.

Sikuandikii mambo ya koti na soksi. Hayo mama yako ameyamaliza, kisha akarudia. Omena, wale dagaa wa ziwani, imo ndani ya begi, imefungwa karatasi juu ya karatasi, na wakiikamata huko uwanja wa ndege, mimi sijui lolote. Mambo ya wanaume pia sitakuambia. Wewe ni mtu mzima, na mimi nina haya.

Nataka tuongee kuhusu Kukhu.

Ndiyo, najua, umeshakunja uso. Katika hii nyumba bibi yako hatajwi. Picha yake iko pale ukutani karibu na kalenda, tunaipangusa vumbi, maisha yanaendelea. Lakini kesho unaenda Ujerumani kutunza wazee wa watu, na juzi nilikusikia jikoni ukimwambia mama yako, ukidhani bado niko karakana: "Mum, wacha nikawatunze hao. Wangu nilimuua."

Ulisema hivyo ukisuuza vikombe. Sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesema chumvi imeisha. Mama yako akasema "Koma!" Mimi nilikuwa kwenye ngazi na mfuko wa makaa mkononi, nikasimama hapo mpaka jirani akaniuliza kama nimefungiwa nje. Naliaka, mimi sikujua. Miaka hii yote nilidhani umenikasirikia mimi. Hiyo hasira nilikuwa nimeizoea, nikaona ni haki yangu, nikanyamaza. Kumbe ulikuwa umebeba kitu kingine kabisa, na sasa unataka kupanda nacho ndege.

Basi kaa chini. Nikukumbushe vile ule mwaka ulivyokwenda.

Babu yako alikufa kijijini, Nairobi ikiwa imefungwa kwa ajili ya korona. Sukari ndiyo ilimmaliza, si ule ugonjwa, lakini siku zile kila maiti iliogopwa vilevile. Polisi walikuwa wameweka vizuizi, hutoki Nairobi, huingii. Nikatafuta kibali. Ofisi hii inanituma ile, ile inaniambia rudi kesho, na nikiwa bado kwenye foleni Wanjala ndugu yangu akanipigia akasema mzee anazikwa sasa hivi, wamekataa kungoja. Nilimzika baba yangu kwa simu, nimesimama karakana hapo Kariobangi, kioo kimepasuka na mtandao unakatika. Niliona watu waliovaa nguo nyeupe za plastiki kuanzia kichwani hadi miguuni wakimshusha mbio mbio, watu wachache wakiwa mbali, hakuna wimbo. Jamaa wa karakana ya pili alizima grainda yake kwa heshima. Hayo ndiyo matanga niliyopata.

Na hakuna aliyenyolewa. Wewe mtoto wa Kariobangi uliona hayo ni mambo ya ushamba, sikulaumu. Lakini kwetu mtu akishazikwa, watu wa boma huketi pamoja, wembe unapita kichwani kwa kila mmoja, maneno ya marehemu yanasemwa mbele ya watu wote, na hapo ndipo anaachiliwa aende. Kabla ya hapo mjane ni kama amefungwa. Kukhu alikaa na nywele zake za matanga tangu mazishi, haendi sokoni, haendi kanisani, haketi na wenzake. Kila Jumapili ananipigia: "Simiyu, unakuja lini unitoe humu?" Mimi ndiye kifungua mimba. Bila mimi hakuna wa kuuita huo mkutano. Hebu fikiria mama yako mzazi akikuuliza hivyo kila wiki, na jibu lako ni kwamba barabara imefungwa.

Wewe chuo kilikuwa kimefungwa, ukawa ndiwe redio yangu. Kafyu ikianza tunafunga mlango, unakaa hapo kwenye kochi na simu yako: "Buda, kuja uone hii." Ulinionyesha dunia nzima ikifunguliwa nchi moja moja. Waingereza wakingoja kinyozi afungue, wengine wamejaa barabarani na bia zao kana kwamba wametolewa jela. Watu wa Afrika Kusini kwenye foleni ndefu ya pombe, wakicheza na kushangilia makreti. Wahindi nao hivyo hivyo, foleni ya pombe, polisi wakiwachapa fimbo na hawatoki. Hao Wajerumani wako unaowaendea walikuwa wanaandamana, wengine wakipiga kelele wafunguliwe kabisa, wengine madirishani wakiwapigia kelele wajifunike midomo. Waganda hapo jirani bado boda boda haijaruhusiwa kubeba mtu. Tulicheka sana. Nilisema, wacha wee, mzungu anaweza kufa kwa ajili ya kukatwa nywele!

Mimi ndiye niliyesema hayo. Mimi niliyekuwa nasubiri barabara ifunguliwe niende kunyolewa.

Unakumbuka pia ile video ya shangazi yako Nasimiyu? Alikuwa anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee huko Uingereza, kazi kama hiyo yako. Sauti alizotutumia zilikuwa za mtu aliyechoka mpaka ndani ya mifupa. Alisema huko nje watu wako bustanini wameanika vifua juani wanasherehekea, na yeye ndani anakunja mashuka ya vitanda ambavyo wenyewe hawatarudi. Halafu akatutumia video ya siku waliyoruhusu jamaa kutembelea wazee. Walikuwa wametundika karatasi kubwa ya nailoni mlangoni, imeshonewa mikono, mama yuko upande huu, mtoto upande ule, wanakumbatiana kupitia hiyo nailoni. Wewe ulilia. Mimi nilisema, "Ala! Hata ng'ombe hukamuliwa kwa heshima kuliko hiyo." Mama yako akacheka mpaka akashika mbavu. Ningeweza kuchomelea fremu ya kitu kama hicho kwa asubuhi moja tu, na vyuma vilivyobaki. Hilo nimelifikiria mara nyingi kuliko ungeamini.

Halafu siku yetu ikafika. Serikali ikatangaza kwenye televisheni kwamba Nairobi imefunguliwa, watu wanaweza kusafiri. Uliona Kariobangi ilivyofanya. Watu walitoka kwenye baraza za ghorofa wakapiga masufuria, boda boda wakapiga honi mpaka mtoto wa jirani akaamka akilia, na yule mama wa mboga hapo chini akaanza kuimba wimbo wa kwao kwa sauti ambayo hatukujua anayo. Kila mtu alikuwa anapigia simu nyumbani. Mimi nilipiga magoti. Nakuambia ukweli, nilipiga magoti hapo sebuleni, nikashukuru Mungu, nikalia. Ni kama tulisikia barabara imefunguliwa tukaelewa ugonjwa umeondoka. Hakuna aliyetuambia umeondoka. Waliotangaza walisema wazi kabisa kwamba bado uko, tujichunge, wazee wetu tuwaache kwanza. Hiyo sehemu tuliisikia kwa sikio moja.

Wewe uliisikia kwa yote mawili. Ulikuja ukasimama mbele yangu, mimi nikitafuta begi, ukasema, "Buda, tungoje kidogo. Koo linaniwasha." Nikakuambia ni vumbi la Kariobangi, kila mtu hapa koo linamwasha. Ukasema, "Basi nibaki mimi, nyinyi muende." Nikakuuliza kama unataka Kukhu afe akingoja kukuona. Nikapandisha sauti. Nikasema maneno mabaya kuhusu watoto wanaosoma vitu kwenye simu na kuanza kuwafundisha wazazi wao. Ulivaa barakoa yako, ukabeba begi.

Haya, sasa tufike mahali penyewe.

Unajua Kukhu alikuwa na mtoto wa jicho kwa macho yote mawili. Watu aliwajua kwa sauti na kwa mikono. Tulipoingia bomani alikuwa ameketi pale mlangoni na kile kitambaa chake cha matanga. Mama yako alimsalimia kwa kiwiko, Kukhu akashangaa, "Nini hii, mnanipiga?" Tukacheka. Halafu akakuita. Ulisimama mbali. Ulisema, "Kukhu, ni mimi Naliaka, wacha nikae hapa." Akasema, "Naliaka gani huyo asiye na uso?" Akainuka mwenyewe na fimbo yake, akaja, akaivuta barakoa yako chini mpaka kidevuni, akakushika uso kwa mikono miwili. Akapitisha vidole kwenye nyusi, puani, mdomoni, huku akisema jina lako, akikuambia umekonda, akikuuliza kama baba yako anakupa chakula.

Wewe unakumbuka mikono yake. Najua, kwa sababu tangu mwaka ule hakuna mtu amekushika uso. Hata mama yako akijaribu kukupangusa masizi, unaruka. Hata leo kanisani utawasalimia kwa kiwiko, na wao watadhani ni mchezo wako.

Mimi nakumbuka macho yako. Wakati amekushika, wewe hukuwa unamwangalia yeye. Uliniangalia mimi juu ya bega lake. Ulikuwa unaniomba niseme kitu. Ungekuwa mtoto wa watu wengine labda ungemsukuma bibi yako, lakini tulikulea vizuri mno, mtoto hamsukumi nyanya yake, kwa hiyo ukasimama tu, pumzi umeibana mpaka shingo ikatoka mishipa, unanitazama. Neno la mimi kumwambia lilikuwa moja tu, "Mama, mwachilie." Mimi nikasema, "Naliaka, mwache Kukhu wako akuone." Na nilikuwa natabasamu.

Yaliyofuata unayajua. Boma lilijaa. Walitoka Mombasa, Eldoret, Nakuru, kila mtu aliyekuwa amefungiwa mahali, na kila mmoja alipita kwa Kukhu akashikwa uso. Tuliketi tumebanana chini ya lile turubai kwa sababu mvua ilikuja. Tulinyolewa. Kukhu alinyolewa wa kwanza, akajipapasa kichwa, akasema sasa anaweza kwenda sokoni. Aliimba. Hiyo nafurahi niliiona, na kufurahi huko kunaniumiza.

Soko lenyewe hakufika. Akaanza kukohoa, tukasema ni malaria, haikuwa malaria. Hospitali walisema mtungi wa hewa uko na mtu mwingine. Nilingoja nje na wana wa watu wengine, tukiangaliana, kila mmoja akitumaini mgonjwa wa mwenzake ndiye atakayeacha ule mtungi. Hebu fikiria nikiomba hivyo kwa Mungu. Niliomba. Hakutoka humo akiwa hai. Wakaja tena wale wa nguo nyeupe, na safari hii sikuwa kwenye simu, nilikuwa pale kando ya shimo, kichwa changu bado cheupe kwa kunyolewa.

Wanjala akasema mbele ya watu, "Watu wa Nairobi wametuletea." Wengine wakakutazama wewe, kwa sababu wewe ndiye uliyelala chumba kimoja naye, ukimpa maji. Mimi nikamrukia ndugu yangu kwa maneno, tukatenganishwa, nikakuchukua wewe na mama yako tukaondoka bila kuaga. Nilidhani nimekutetea. Nilikuwa najitetea mimi. Na tangu siku hiyo hakuna aliyeita watu wanyolewe kwa ajili ya Kukhu. Kila mtu anaogopa kuwa wa kwanza kusema tukutane. Yule mama aliyeniomba nimtoe kwenye matanga, matanga yake yeye hayajamalizwa mpaka leo.

Sasa, mwanangu, unataka nikuambie si wewe. Mama yako angekuambia hivyo, na mchungaji huko atakuambia hivyo leo. Mimi sitakuambia, kwa sababu sijui, na ungejua nadanganya. Labda ni wewe. Labda ni mimi, ambaye hukohoa moshi wa kuchomelea mwaka mzima na nisingejua tofauti. Labda ni yule binamu wa Mombasa aliyekula naye sahani moja. Labda ni Wanjala mwenyewe, anayeenda sokoni kila siku. Ugonjwa haukuacha jina. Lakini haya mengine nayajua, sihitaji daktari: wewe ulisema tungoje. Wewe ulisema ubaki. Wewe ulisimama mbali. Wewe uliniangalia. Kila mahali palipokuwa na mlango, wewe uliushika ufungwe, na mimi nikaufungua. Kama pumzi ilikuwa yako, uamuzi ulikuwa wangu. Huwezi kuchukua kitu changu ukaenda nacho Ujerumani, Naliaka. Kiache hapa. Nakihitaji mimi. Bila hicho nitakuwa mzee tu mwenye hasira ambaye hajui kwa nini.

Nimefikiria sana wale watu wa kwenye simu yako tuliowacheka. Kila nchi ilikimbilia kile ilichonyimwa. Huyu pombe, huyu kinyozi, huyu jua, sisi kaburi. Hakuna aliyekuwa mjinga kuliko mwenzake. Tulikuwa na njaa tu, na mwenye njaa ukimfungulia mlango, hasomi kilichoandikwa juu yake. Huko unakoenda utawakuta. Kutakuwa na mama mmoja kwenye vyumba utakavyohudumia ambaye mwanawe alikuja kumkumbatia baba yake siku walipofunguliwa, na mume sasa hayupo, na huyo mwana siku hizi haji. Usimhukumu huyo mwana akija. Wala usimwambie si yeye. Mpe kiti.

Na kama yuko mwingine kipofu, akanyoosha mkono kutafuta uso wako ajue ni nani anayemlisha, sijui nikuambie nini. Kazi yako itakuwa na sheria zake. Mimi ningependa umwachie, lakini mimi ndiye niliyesema mwache, na uliona yaliyotokea. Hapo utaamua mwenyewe. Utaamua vizuri kuliko mimi, kwa sababu uliamua vizuri hata ukiwa mdogo.

Jua limefika ukingoni mwa dirisha, acha niharakishe.

Kuna jambo ambalo mama yako analijua na wewe hatujakuambia. Daktari wa macho alisema hii yangu ni presha ya macho, na moto wa kuchomelea umeongezea yake, miaka yote ile nikivaa miwani ya jua ya soko la Gikomba badala ya ile ya kazi. Kilichokwenda hakirudi. Kilichobaki nacho kiko njiani. Bado nakuona, lakini kama mtu aliye nyuma ya pazia, na pembeni kumeshakuwa giza. Mkataba wako ni mrefu. Siku utakayorudi, nitakusikia tu.

Usiache kwenda kwa ajili hiyo. Ukijaribu kubaki, nitakubeba mwenyewe mpaka uwanja wa ndege, hata nikiwa sioni njia.

Lakini kesho jioni, tukifika pale ambapo wanaosindikiza hawaruhusiwi kupita, nitakuomba kitu. Mikono nitakuwa nimeosha, mama yako atakuwa shahidi. Nataka usimame karibu nami, usibane pumzi, usiangalie mtu mwingine yeyote juu ya bega langu. Nipe uso wako niushike. Nusu dakika tu. Ukiona huwezi, nipe kiwiko, nitakipokea kwa mikono miwili na sitauliza. Lakini ukiweza, mwanangu, nipe, ili vidole vyangu vikujue kabla macho hayajakusahau.

Baba yako,
Simiyu